Sanda za Bi Bwanamkuu
Sehemu ya tisa: Rupia mia na tatu

Shamba halikuwapo.

Mnakumbuka tulipomwacha Esha: yuko Mkunumbi, jua la saa nne linamchoma utosi, mkono wa kulia ameshika tawi la mchongoma, wa kushoto amekumbatia kitabu cha hesabu, anataka kusogeza tawi aone shamba la marehemu mama yake. Basi amelisogeza. Nyuma ya mchongoma kuna mchongoma mwingine, na nyuma ya huo kichuguu kinachompita kimo. Simsim, hata shina moja. Mtama, hata bua.

"Labda tumekosea ndia," alisema Mama Kadija, mama yake mdogo, huku akijipepea kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani. Huyu ndiye aliyemlea Esha tangu alipofiwa na mama akiwa na miaka saba.

"Hatukukosea, mama. Kisima kile pale."

"Basi turudi. Jua hili litakuua."

Esha hakusogea.

Kwa aliyeanza kutusoma leo: shamba hili Bi Bwanamkuu, mama yake Esha, aliliweka wakfu siku arobaini kabla hajafa. Mapato yake yanunue sanda za mafakiri, wa Lamu na wa visiwa vyote mpaka Kiwayu. Mwanamume apate vipande vyake vitatu vya bafta nyeupe, mwanamke vyake vitano, pamoja na karafuu maiti na marashi, asizikwe Mwislamu ndani ya mkeka mkuukuu kwa sababu ya ufukara. Msimamizi ni mumewe, Mzee Obeid. Macho ya Mzee Obeid yamefifia, kwa hiyo baba hutamka na binti huandika. Na kitabu kile kinasema shamba lilitoa rupia mia na tatu mwaka jana. Na mwaka juzi mia na tatu. Miaka minne mfululizo, mia na tatu.

Ni hizo mia na tatu zilizomtia shaka Hamdun, karani aliyetumwa na Kadhi, mwaka ule wa 1912, azipime wakfu zote za mji, upi mzima na upi mahututi.

"Bi Esha," alikuwa amemwambia Jumapili, "mimi nimeuguza hesabu nyingi mwezi huu. Wakfu wa taa za msikiti una homa. Wakfu wa kisima uko kitandani. Huu wenu peke yake hauna hata mafua. Mwaka wa mvua mia na tatu, mwaka wa ukame mia na tatu. Simsim gani hiyo isiyojua kama kumenyesha?"

"Unamwita baba yangu mwizi?"

"Mwizi hupunguza. Hapa hapana kilichopungua hata pesa moja. Ndiyo maana sipati usingizi."

Esha akapandwa na hasira, akaapa atavuka bahari mwenyewe hadi Mkunumbi amwonyeshe karani huyo shamba linavyochanua. Ndiyo haya sasa anayoyaona.

"Nani huko?" Sauti ilitoka kichakani. "Kama ni wezi, mmechelewa. Hapana cha kuiba."

Akatokea mzee anayechechemea, goti moja limevimba kama boga, kikoi kimefungwa juu ya kitovu. Barka. Zamani alikuwa nokoa wa shamba, mkubwa wa watumwa wote wa hapa.

"Ni mimi, Barka. Esha wa Bwana Obeid."

"Esha! Mara ya mwisho nilikuona huna meno ya mbele!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakiona kitabu, akaacha kucheka.

"Barka, shamba hili lilivunwa lini mara ya mwisho?"

Mzee hakumtazama Esha. Alimtazama Mama Kadija. Kisha akasema moja kwa moja, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesoma alichokikariri: "Simsim imetoka vizuri."

"Barka! Nimesimama ndani ya simsim hiyo. Imenichana nguo."

Mzee akashusha pumzi, akajikalisha kwenye kichuguu.

"Mwaka ule Serikali iliposema hapana tena mtumwa katika nti hii, watu sitini walitoka hapa ndani ya siku tatu. Siwalaumu. Mimi ningalitoka nao, lakini kwa goti hili ningalifika wapi? Tangu hapo wanaovuna ni nguruwe. Bwana huja kila Shaaban, huniletea tumbaku, huniambia, Barka, ukiulizwa sema imetoka vizuri. Nikamuuliza, ipi, Bwana? Akasema, ya mwaka huu. Nikamwambia, ya mwaka huu mbona haijapandwa! Akalia. Na mimi mtu mzima akinililia, nakubali lolote."

Esha akafungua kitabu palepale. Akaona maandishi mazuri, yamenyooka, wino haukuvuja popote. Maandishi yake mwenyewe. Mara nne mia na tatu ni mia nne na kumi na mbili. Sanda mia na themanini na moja zilinunuliwa kwa fedha hizo, naye aliziona kwa macho yake zikikatwa, zikikunjwa, zikitoka mlangoni.

Kama hazikutoka shambani, zilitoka wapi?

"Mwanangu," alisema Mama Kadija, na sauti yake ilikuwa kavu, "mambo mengine mtu hayafukui."

*

Mzee Obeid alikuwa ndani, nyumbani kwao mtaa wa Mkomani, Lamu, amekaa kitini huku mjukuu wake Khairiya, binti wa Esha wa miaka minne, akimvua na kumvisha kofia. Esha akamtoa mtoto nje. Akakiweka kitabu kwenye magoti ya baba yake.

"Baba, natoka Mkunumbi."

Mzee alikipapasa kitabu, jalada, mgongo, kona zilizolika. Alichouliza, msomaji wangu, ni hiki:

"Kisima bado kina maji?"

Esha alikuwa amejiandaa kwa ukali. Ukali ukamwisha.

"Kina majani, Baba. Fedha ulizitoa wapi?"

"Kwanza nisikize." Mzee alilamba midomo. "Mama yako yuko kaburini. Hana mkono wa kutoa, hana ulimi wa kuomba. Amebakiwa na kitu kimoja kinachomfikia kule, nacho ni sanda zile. Kila fakiri akistiriwa, yeye anapata mwanga. Watumwa walipokwenda zao, nililala siku saba nikifikiri: nani atamwendea Bwanamkuu amwambie taa yako imezimwa? Mimi? Mimi niliyemwahidi akiwa amenishika hapa?" Akaushika mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, mahali penyewe.

"Baba. Fedha."

"Nyumba," alisema Mzee Obeid.

"Nyumba gani?"

Mzee akageuza uso kuelekea uani, Khairiya alikokuwa akiwaimbia kuku.

"Nyumba hii?"

"Nilidhani nitaikomboa. Kila mwaka nilidhani."

Nyumba hii Esha alipewa siku ya harusi yake, kama desturi ya Lamu ilivyo, binti huolewa ndani ya nyumba yake na mume ndiye anayehamia. Mume alikufa kwa homa Mombasa, Esha akabaki mjane wa miaka ishirini na mitatu, hana dhahabu, hana shamba, hana kaka. Ana dari hii, ana ndaka hizi za ukutani alizozipaka chokaa mwenyewe, ana Khairiya, ambaye siku moja naye ataolewa humu. Basi.

"Umeiuza kwa nani?"

"Kwa Mohdhar wa boriti. Si kuuza hasa. Bei ya khiyari, miaka minne. Ukirudisha fedha kabla ya siku iliyotajwa, nyumba yarudi. Siku ikipita..."

"Siku ni lini?"

"Ijumaa."

Leo ni Jumanne, wasomaji. Hesabuni.

Esha hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, mbele ya miguu ya baba yake, kama alipokuwa mdogo akijifunza kuandika.

"Mimi ndiye niliyeandika, Baba. Ulinitamkia mia na tatu, nikachovya kalamu, nikaandika mia na tatu. Ulikuwa umekaa hapo ulipokaa. Ndani ya nyumba yenyewe. Nikakuuliza, mbona mwaka huu sawasawa na mwaka jana? Ukaniambia, Mungu ana hesabu zake."

Mzee Obeid aliinua kitabu akajifunika uso. Mabega yakawa yanatikisika.

"Usimlize zaidi!" Mama Kadija aliingia kwa nguvu. "Hukuona alivyokonda? Yaliyopita yamepita. Alhamisi, wakfu zikisomwa mbele ya Kadhi, utasema uliridhia nyumba iuzwe, tutafunga mizigo, tutakwenda Mbwajumali kwa jamaa zangu. Watu hawaishi?"

"Na Khairiya atapewa nini siku yake?"

"Atapewa jina la babu asiyeitwa mwongo."

Neno hilo lilimwingia Esha, likakaa.

*

Alhamisi asubuhi baraza la Kadhi lilijaa mpaka nje. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia. Esha alikaa mkekani karibu kabisa na kitambaa, na Mama Kadija ubavuni pake amemshika mkono.

Hamdun naye alikuwa amekwisha kuvuka hadi Mkunumbi, siku moja baada ya Esha. Akasoma alichokiona, pole pole, bila ubishi. Akamaliza hivi:

"Wakfu huu, Bwana Kadhi, si mgonjwa. Umekufa. Umekufa karibu mwaka wa tano sasa. Kilichobaki, watu waliuvisha nguo wakautembeza mjini."

"Basi nao upewe sanda!" alipiga mtu ukelele kutoka nje, na baraza likaangua kicheko.

Esha alisikia pumzi ya baba yake katikati ya kicheko kile. Angeitambua popote.

Mohdhar akasimama. Mtu mnene, msafi, ndevu zimetiwa hina.

"Mimi sina neno na wafu. Ninayo hati. Kesho muda wake unakwisha, na nyumba nataka iwe tupu."

Kadhi akainua mkono, watu wakanyamaza. Akazungumza kuelekea pazia.

"Bi Esha binti Obeid. Nyumba ni yako kwa hiba, zawadi ya harusi yako, babako hana haki ya kuiuza. Naeleza ili ujue unachojibu. Kama wakati ule uliridhia, bei ni sahihi, na kesho nyumba ni ya Bwana Mohdhar. Sadaka iliyotoka humo ni halali. Kama hukuridhia, bei ni batili na nyumba ni yako. Lakini hapo babako atakuwa amechukua mali ya mtoto wake bila idhini, ushahidi wake hautapokewa tena mji huu mpaka anakufa. Na sanda zile zitakuwa zimenunuliwa kwa mali ya kupokonywa, sadaka isiyopanda mbinguni. Je, uliridhia?"

Mafakiri mia na themanini na mmoja. Esha aliwajua wengine kwa majina. Yule mama wa Kizingitini aliyeletwa akiwa hana hata kanga ya pili. Yule kipofu wa sokoni. Kwa neno moja angewavua wote. Na mama yake, aliyengoja kule chini akidhani mwanga unaomfikia ni wake, ingekuwa miaka minne hakufikiwa na kitu.

Na kwa neno la pili, kesho Khairiya atatolewa nje na mto wake.

Mama Kadija akamminya vidole. "Sema, mwanangu. Neno moja tu."

Esha akasogea karibu zaidi na pazia.

"Bwana Kadhi, mimi nili—"

"Hakujua!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Obeid. Alikuwa amesimama bila fimbo, mikono imetanda mbele kama anayetafuta ukuta.

"Hakujua, wallahi hakujua! Msimwache aapishwe uongo kwa ajili yangu! Nilimficha. Nilimtamkia uongo akauandika. Niandikeni Obeid mwongo, andikeni kwa herufi kubwa, mpeni mtoto nyumba yake!"

"Baba, kaa!" Esha alilia nyuma ya pazia. "Baba, nimekuridhia! Leo nimekuridhia!"

"Leo si wakati ule, mama," alisema mzee. Akageuza uso kule sauti ilikotoka, macho yale meupe yakitafuta. "Mama yako atanisamehe. Yeye hakupenda kitu cha mtu."

Yule aliyepiga ukelele wa sanda alikuwa anajifuta uso kwa kilemba.

Kadhi akachukua kalamu aandike, Hamdun akafunga kitabu, na Esha akaegemea bega la Mama Kadija akalia kilio cha mtu aliyerudishiwa nyumba na kunyang'anywa baba kwa wakati mmoja.

Na hapo ndipo Mohdhar alipocheka.

"Ngojeni kwanza. Mwanifanya mimi mjinga? Mimi, Mohdhar, ninunue nyumba ya mwanamke kwa maneno ya babake? Mwenyewe alikuja! Saa tatu ya asubuhi alikuja kwangu, ndani ya shiraa!"

Vijana hamkuiona shiraa. Ilikuwa ni hema la nguo, wanawake wa nyumba kubwa walitembea ndani yake, wenzao wameishika miti pembeni, na aliyemo haonekani hata kidole cha mguu.

"Nikamuuliza mara tatu, wewe ndiwe Esha binti Obeid? Akajibu mara tatu, ndimi. Mashahidi wawili walisikia. Babake alitia mkono wake kwenye hati, akatoka kungoja nje. Nami nikamhesabia yeye mwenyewe fedha, akazipokea kwenye mpasuo wa nguo. Rupia mia tisa, taslimu!"

"Ulimwona uso?" aliuliza Kadhi.

"Astaghfirullahi! Nani huchungulia shiraa ya mke wa watu?"

Hapana aliyecheka. Maana nusu ya nyumba za Lamu zilikuwa zimeuzwa na kununuliwa namna hiyohiyo, kwa sauti ndani ya nguo.

Lakini Esha hakuwa anaisikiliza habari ya shiraa. Alikuwa amesikia mia tisa. Kichwa chake, kilichozoea kujumlisha na kutoa, kilikwisha kutoa kabla moyo haujafika. Mia tisa, toa mia nne na kumi na mbili.

"Mia tisa?" Mzee Obeid alikuwa bado amesimama. "Bwana Mohdhar, mimi macho sina, lakini masikio ninayo. Mimi zilinifikia mia nne na kumi na mbili. Niliambiwa ndiyo bei. Nilitia mkono wangu pale nilipoonyeshwa."

Hamdun alikuwa amekifungua tena kitabu. "Mia nne na themanini na nane," alisema taratibu, kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza kilichokuwa kikimkosesha usingizi. "Mia nne na themanini na nane hazikufika."

"Ambaye angeikomboa nyumba kwa hizo," alisema Kadhi, "angekuwa amekwisha kulipa zaidi ya nusu." Akaweka kalamu chini. "Mzee Obeid. Yule mwanamke ulimpeleka wewe. Nani alikuwa ndani ya shiraa?"

Midomo ya mzee ilikuwa inahesabu, mia nne na kumi na mbili, mia tisa, mia nne na kumi na mbili. Kisha ikaacha. Esha alimwona kwenye upenyo wa pazia akielewa. Uso wake haukuwa umevunjika vile hata alipojiita mwongo.

"Bwana Kadhi," alisema, "usiniulize. Nikimtaja huyo, mwanangu atakuwa amefiwa na mama mara ya pili."

Mkono uliokuwa umeushika mkono wa Esha tangu asubuhi ukalegea.

"Usigeuke, mwanangu," sauti ilimnong'oneza sikioni, sauti ileile iliyomwimbia alale miaka kumi na sita. "Nisikize kwanza. Nakuomba, usigeuke."

Esha akageuka.